Na Mimi Nifanye Nini?

Rwanda haibani watu siku za mapumziko. Mwaka unafunguliwa kwa mbili mfululizo, Januari 1 na 2. Februari 1 ni ya mashujaa. Zinafuata Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka, Aprili 7 ya kumbukumbu ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, Mei Mosi, Julai 1 ya uhuru na Julai 4 ya ukombozi, Ijumaa ya kwanza ya Agosti ya mavuno, Agosti 15 ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, Krismasi na kesho yake, na juu ya hizo Idi mbili zinazongoja mwezi uandame. Ukiwa huna watoto, orodha hiyo ni habari ya benki kufungwa. Ukiwa nao wadogo, kila tarehe inakuja kudai chake.

Nyumbani kwetu Nyamirambo, jijini Kigali, ni chache tunazoziacha. Mimi nimekulia Ujiji, Tanzania, kwenye nyumba ambayo Idi ilianza kunukia siku tatu kabla. Baba watoto ni mtoto wa Biryogo: baba yake Mwislamu, mama yake Mkatoliki wa upande wa Muhanga ambaye hakuacha rozari yake, wala hakuna aliyemwomba aiache. Kwa hiyo watoto wangu wana bibi wa Krismasi anayeishi mitaa miwili kutoka kwetu, na bibi wa Idi anayepiga simu kutoka Ujiji kuuliza kama wajukuu wamevaa vizuri.

Mwanzoni nilisherehekea na mtoto kama nilivyosherehekewa mimi. Mtoto anaogeshwa, anapakwa mafuta, anavalishwa, anapelekwa. Akifika huko anakaa pajani mwa mtu na kulishwa. Binti yangu alikwenda hivyo kwenye Idi zake za mwanzo, uwanjani Nyamirambo kwenye swala, kisha nyumba kwa nyumba, mpaka analala na viatu miguuni.

Halafu ukaja mwaka 2020, na hakukuwa na pa kupelekwa mtu. Machi 21 nchi ilifungwa kwa sababu ya korona, na tulikaa ndani hadi Mei 4. Humo humo ndani zikatukuta Pasaka, wiki ya maombolezo ambayo mwaka ule tuliifuata redioni na runingani, na siku za kwanza za Ramadhani. Idi ya Mei 24 tuliiswali sebuleni, kwa kuwa misikiti ilikuwa bado haijafunguliwa. Baba watoto alitandika mikeka miwili, akawa imamu wa mke mmoja na mtoto mmoja. Swala ilipokwisha, binti yangu, aliyekuwa anaelekea miaka mitatu na gauni lake lenye marinda, alisimama mlango wa jikoni akanitazama nikikaanga vitunguu. Akauliza, "Na mimi nifanye nini?"

Nilimpa sinia la mchele achague. Alikaa chini na gauni lake, akatoa kokoto moja, akaileta nione. Akarudi, akatoa punje tano nzuri kabisa, akazileta nazo. Pilau ile ilichelewa kuliko pilau zote nilizowahi kupika, na hadi leo ndiyo Idi anayoisimulia. Ni kweli alikuwa mdogo, na sehemu ya kumbukumbu hiyo huenda ni yangu iliyohamia kwake kwa kusimuliwa mara nyingi. Hata hivyo, nilimsimulia pia Idi ya uwanjani, tena kwa picha, na hiyo haikumshika.

Tangu hapo kila sikukuu ninayoiandaa naanza na swali lake, na jibu lazima liwe kazi ya kweli. Watoto wanatambua upesi wakidanganyiwa kazi. Ukimpa mchele achague kisha ukachagua upya mbele ya macho yake, umemwambia kwamba alikuwa anachezewa. Bora ule kokoto mbili.

Mkono wa Idi nao ulihitaji kutengenezwa. Kwetu Ujiji tulikusanya sarafu kwa wazee, tukazihesabu barazani, tukapigana. Siku hizi mjomba yuko Dar es Salaam na fedha zinaingia kwenye simu. Mara ya kwanza nilimwonyesha binti yangu ujumbe kwamba mjomba amemtumia mkono wa Idi. Aliitazama simu, akaigeuza nyuma, akasema mjomba hajatuma kitu. Sasa siku moja kabla nakwenda kwa wakala kutoa fedha, naomba sarafu za faranga mia, na kazi yake yeye ni kumgawia mdogo wake na watoto wa uani kwa niaba ya mjomba. Wakala ananijua. Ananiuliza, "Mama, Idi imefika?" hata kabla ya tangazo la mwezi.

Februari 1 ni sikukuu ngumu kwa mwalimu wa chekechea, nadhani, maana mashujaa wengi wa taifa walikufa vibaya. Mimi huchagua wanafunzi wa Nyange. Usiku wa Machi 18, 1997 wapiganaji waliingia kwenye shule yao ya sekondari, wakawaamuru wajitenge, Wahutu upande mmoja na Watutsi upande mwingine. Wakakataa. Wengine waliuawa, na leo wote wamo kwenye orodha ya mashujaa, daraja la Imena. Kwa binti wa miaka mitano niliishia pale pa kukataa. Nikamwambia waliambiwa wagawanyike wakasema hapana, sisi ni wamoja. Siku chache baadaye nilipomfuata shuleni, mwalimu alinivuta pembeni huku akijizuia kucheka. Walikuwa wanataka kucheza mpira. Alipowaambia watoto wajigawe makundi mawili, binti yangu alisimama katikati ya uwanja akatangaza kwamba wao hawagawanyiki. Wenzake wakaja kusimama naye. Mpira haukuchezwa.

Kuna siku nyingine ambayo kwenye kalenda si sikukuu lakini wanangu wameiingiza wenyewe: Jumamosi ya mwisho wa mwezi, Umuganda, siku ya kazi ya pamoja kwa lazima. Kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi maduka yamefungwa, magari yametulia, watu wazima wa mtaa wako mferejini na majembe. Sheria haiwahusu watoto, ndiyo maana wanaitaka. Wetu wana ndoo ndogo iliyokuwa ya rangi, wanabeba majani yaliyofyekwa kutoka kwa baba yao hadi kwenye lundo, hatua kumi na tano. Mkuu wa umudugudu, yaani wa mtaa wetu, huwashukuru kwa majina mwishoni mwa mkutano. Sijui kama anafahamu anachokifanya. Hakuna zawadi ya Idi iliyowahi kuwatembeza kifua mbele kama hiyo.

Kisha Aprili.

Mtu akija Kigali na watoto kutoka mahali pengine, Aprili ndiyo inayomkwamisha, nami ilinikwamisha. Kuanzia tarehe 7 hadi 13 bendera ziko nusu mlingoti, muziki unakoma kwenye baa na kwenye daladala, harusi hazifungwi. Mtaani kuna mazungumzo ya kumbukumbu ambayo watu wazima wanahudhuria. Baada ya wiki hiyo siku mia za kumbukumbu zinaendelea hadi mwanzo wa Julai. Mtoto anaona nyuso zimebadilika. Anauliza nani amefariki. Ukimjibu kwamba ni watu zaidi ya milioni moja, umetaja tarakimu ambayo hata wewe huwezi kuibeba. Ukimwambia ni mambo ya wakubwa, atatafuta jibu kwa mtoto wa jirani.

Mama mkwe ndiye aliyenionyesha njia, na hakuketi kunifundisha. Yeye ndugu zake waliishia huko Muhanga. Mwenyewe alipona Biryogo, kwenye nyumba ya wakwe zake, mtaa ambao Waislamu wake waliwaficha wengi. Alikuja kwetu alasiri moja ya Aprili na bahasha ya kaki, akamwita binti yangu, akampa kitambaa laini. "Njoo unisaidie kufuta vumbi." Ndani mlikuwa na picha nne tu, maana nyumba zilichomwa na picha ndani yake. Moja ni ya komunyo ya kwanza, imekatwa upande mmoja. Nyingine ni ndogo ya kitambulisho, alama ya pini ya kubania karatasi bado iko juu ya paji la uso.

Mtoto alifuta. Kwa kila picha bibi alisema neno moja. Huyu aliiba sukari, tukamkuta na mdomo mweupe. Huyu aliimba vibaya kanisani na hakuna aliyethubutu kumwambia. Huyu, dada yangu, alisuka mikeka upesi kuliko sisi sote. Hakusema walikufaje, na binti yangu hakuuliza siku ile. Aliuliza ni sukari kiasi gani.

Walipokwenda kunawa nilimuuliza, "Mama, huoni kwamba ipo siku atataka kujua yote?" Akajibu, "Mwanangu, walivyokufa atasikia kila mahali. Walivyoishi, asiponisikia mimi atamsikia nani?"

Kwenye Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari pale Gisozi, iliyofunguliwa 2004 na ambako wamezikwa watu zaidi ya 250,000, kuna chumba cha watoto. Picha zao zimekuzwa, na chini ya kila moja imeandikwa alipenda kula nini, alicheza na nani, alikuwa mtoto wa namna gani. Mstari wa mwisho unaeleza alivyouawa. Wanangu sijawapeleka na sitawapeleka mpaka wakue. Lakini nilipokiona chumba kile mara ya kwanza niliona kwamba waliokiandaa na mama mkwe wanafuata mpango mmoja, isipokuwa yeye anaufuta mstari wa mwisho kwa sasa.

Jambo ambalo kalenda haikunionya ni kwamba furaha na msiba vinaweza kuangukia wiki moja. Pasaka ya 1994 ilikuwa Aprili 3. Ndege ya rais ilitunguliwa usiku wa Aprili 6, mauaji yakaanza, na watoto wengi walikuwa likizo, wamepelekwa kwa mababu na mashangazi kula sikukuu. Wawili wa kwenye bahasha ile walikuwa wamekwenda kula Pasaka kwa shangazi yao. Ndiyo maana mama mkwe, hadi leo, hapendi wajukuu walale kwingine wiki ya Pasaka, na sisi hatumlazimishi. Mayai, keki na nguo nyeupe vinafanyikia kwetu.

Na mwaka 2024, wakati nchi inaadhimisha miaka thelathini, Idi el Fitri iliangukia Jumatano ya Aprili 10, katikati kabisa ya wiki ya maombolezo. Nilijiuliza kwa siku kadhaa. Ramadhani imefungwa, binti amefunga nusu siku mara kadhaa na anadai malipo yake, nguo zimeshonwa. Kuiacha Idi ipite haiwezekani. Kuipiga shangwe, haiwezekani pia. Tuliswali. Tulipika pilau ile ile, kuku, kachumbari. Redio ilibaki kwenye habari. Nguo mpya zilivaliwa, sweta zikawekwa juu, baridi ya asubuhi ya Aprili ikatupa kisingizio.

Kazi ya watoto siku ile ilikuwa kupeleka sahani. Hapa mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 2008, kwa hiyo chakula cha jirani kinakwenda kwenye sahani iliyofunikwa kwa sahani, ikafungwa kitambaa, na sahani lazima irudi. Niliwaagiza wabishe hodi taratibu, wasalimie, watoe, waondoke, wasipige kelele za Idi. Mdogo, aliyekuwa na miaka miwili na miezi, alibeba vijiko. Kwenye nyumba moja walikaa muda mrefu nikaanza kuhangaika. Ni nyumba ya mama mmoja asiyependa kutembelewa wiki ile. Walirudi na sahani ikiwa imeoshwa, ndani yake parachichi tatu, na habari kwamba yule mama naye ana picha. Binti yangu alikuwa amezifuta, bila kuagizwa na mtu.

Jioni alimuuliza bibi yake kama leo inaruhusiwa kucheka. Mama mkwe, aliyekuja kula Idi yetu na rozari yake mfukoni, aliweka kijiko chini. "Cheka. Mimi nakusikiliza." Akatoa sarafu za mkono wa Idi kutoka kwenye ncha ya khanga niliyompa mwaka mmoja kabla.

Julai haina mengi kwangu. Tarehe 1, uhuru wa 1962, inapita kimya. Tarehe 4, siku Kigali ilipokombolewa mwaka 1994, ndiyo yenye gwaride. Mwaka ule wa 2024 lilifanyika Amahoro, uwanja uliokuwa umefunguliwa upya siku tatu kabla ukiwa na viti 45,000. Tuliangalia runingani, watoto wakipiga saluti juu ya kochi. Sikuwa na kazi ya kuwapa, nao wakachoka kabla ya hotuba.

Umuganura ni habari nyingine, na ningekuwa na mamlaka ningeipa siku mbili. Ni sikukuu ya mavuno ya zamani sana. Mtama na ulezi wa kwanza ulipelekwa kwa mfalme, akauonja kwanza, kisha nchi nzima ikala. Wabelgiji waliipiga marufuku 1925, kwa kuwa waliona vizuri kwamba anayegawa mavuno ndiye mwenye nchi. Sasa imerudi kuwa ya serikali na ya mtaa. Kwetu watu wanaleta vikapu: mihogo, magimbi, maboga, mahindi, ugali wa mtama mweusi ti. Kabla mtu mzima hajagusa kitu, watoto wanakalishwa mkekani na wazee wanawapa maziwa.

Nilidhani hapa kazi ya mtoto ni kunywa tu. Mara ya kwanza binti yangu alipokea chombo cha mti kwa mikono miwili kama alivyoelekezwa, akanywa mtindi, akakunja uso, maana ulikuwa mchachu, kisha akageuka akampa wa pili yake. Mzee aliyekuwa anagawa alicheka akasema, basi, huyu ameshafundishwa. Chombo kilizunguka mkeka mzima bila mtu mzima kukigusa. Masharubu meupe kila mdomo. Mama mkwe alimtazama yule mwenye mdomo mweupe kuliko wote, akanigusa kiwiko, nami nilijua amemkumbuka nani.

Agosti 15 ni yake. Kila anapoweza huenda Kibeho, mahali ambapo wasichana wa shule walisema wamemwona Bikira Maria kuanzia Novemba 1981 na Kanisa likakubali mwaka 2001. Kazi ya wajukuu ni kumfungia chakula cha njiani, na kumkumbusha chupa ya kuletea maji. Krismasi tunahamia kwake. Pale kazi inayogombewa ni ya kugawa fanta: bilauri zinapangwa mstari, chupa zinafunguliwa, na mgawaji anainama macho yake yalingane na bilauri ahakikishe hakuna aliyezidishiwa hata kidole. Binti yangu ameishika kazi hiyo tangu akiwa na miaka minne na hajawahi kutuhumiwa upendeleo. Anajipa ya mwisho.

Hiyo fanta ndiyo iliyotuponza alipozaliwa mdogo wake, mwishoni mwa 2021. Kwetu akika ni siku ya saba, na kwa Wanyarwanda kumpa mtoto jina ni siku ya nane. Mikusanyiko ilikuwa bado inabanwa, kwa hiyo tuliunganisha mambo yote siku moja, tukaalika watoto wa uani peke yao. Binti yangu alikuwa na wazo lake kuhusu shughuli, maana Septemba alikuwa ameona runingani gorila wa Volkano wakipewa majina, akauliza kama mdogo wake naye atapewa na rais.

Mama mkwe alifanya kama ilivyofanywa zamani. Kila mtoto alipewa kijiti kuwa jembe, wakalima kipande cha udongo mbele ya mlango. Akawanyunyizia maji kutoka kwenye kata akipiga kelele kwamba mvua imekuja, wakakimbilia ndani. Wakala maharage na mboga kwenye ungo, mikono yote humo humo. Walipomaliza, mmoja mmoja walimwendea mtoto na kumpa jina. Hiyo ndiyo kazi yenyewe waliyoitiwa, na wazee husikiliza kwa heshima kila linalosemwa. Wa kwanza alimpa jina la mchezaji wa Arsenal. Wa pili alimwita Amani. Wa tatu aliona haya akakimbia. Binti yangu alikuja wa mwisho, kama anavyojipimia fanta. Alimwinamia, akamtazama kwa karibu sana, akasema, "Wewe ni Fanta."

Mama mkwe aliuliza kwa nini. "Kwa sababu ni kitamu na ni kimoja tu."

Baba yake siku ile ile alimpa jina la kiongozi wa swala na jina la Kinyarwanda lenye maana nzuri, yote mawili yapo kwenye cheti. Shuleni wanamwita la cheti, anachelewa kuitika. Mimi nikitaka aje ale, nasimama mlangoni nikaita Fanta, na wakati mwingine wanakuja watoto wawili wa jirani wakiwa na bilauri mkononi.